Vitamini Hufa Chupani Kabla ya Kufika Usoni

Chupa ya seramu ya uso ikiandikwa "Vitamini C asilimia 15", namba hiyo ni ya kweli kwa siku moja: siku mchanganyiko ulipotoka kiwandani. Kuanzia hapo inashuka. Inashuka chupa ikiwa ghalani, inashuka ikiwa kwenye rafu ya duka, na inashuka kwa kasi zaidi tangu siku kifuniko kinapofunguliwa. Ukifika nusu ya chupa itakuwa imebaki asilimia ngapi? Jibu linategemea mambo ambayo namba ile haiyagusi kabisa: vitamini imewekwa katika umbo gani la kikemia, imeyeyushwa kwenye maji au kwenye mafuta, mchanganyiko una asidi kiasi gani, na chombo chenyewe kinapitisha hewa na mwanga kwa kiwango gani.

Ndiyo maana huwa naumia kuona watu wakishindanisha bidhaa mbili kwa asilimia peke yake. Seramu ya asilimia 10 iliyotengenezwa na kufungashwa kwa uangalifu inaweza kufikisha vitamini nyingi zaidi kwenye ngozi kuliko ya asilimia 20 iliyotiwa kwenye chupa ya kioo cheupe yenye dropa, ule mrija wa kunyonyea wenye mpira. Aliyelipia ile ya 20 atapaka kwa miezi mitatu, hataona badiliko lolote, kisha ataamini kwamba ngozi yake ndiyo yenye matatizo.

Nguvu na udhaifu vinatoka mahali pamoja

Vitamini C na vitamini E zinaifaa ngozi kwa sababu hazitulii. Miale ya jua inapoipiga ngozi, huzuka ndani yake radikali huru, yaani molekuli zilizobaki na elektroni isiyo na mwenzake. Kila radikali hupora elektroni kwa jirani yake: kwenye mafuta ya utando wa seli, kwenye protini, hata kwenye DNA. Vitamini hizi mbili huingia kati na kutoa elektroni zao wenyewe ili uporaji ukome. Hiyo ndiyo kazi tunayozinunulia.

Lakini vitamini haijui kama anayeidai elektroni ni radikali ndani ya ngozi au ni oksijeni ya kawaida iliyoingia chupani asubuhi ulipofungua kifuniko. Inampa yeyote anayekuja. Ikishatoa imeisha, na haiwezi kutoa tena kwa ajili yako.

Historia ya vitamini C yenyewe inaanzia kwenye jambo hili. Miaka ya 1920 mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, alikuwa akichunguza kwa nini baadhi ya mimea hugeuka kahawia inapojeruhiwa na mingine haigeuki. Akakuta kwamba mimea isiyogeuka upesi ina kitu kinachochelewesha badiliko lile la rangi. Mwaka 1928 alikuwa amekitenga, na baadaye ikathibitika kuwa ndicho vitamini C. Mwaka 1937 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mwaka huohuo Nobel ya kemia iligawanywa kati ya Norman Haworth, kwa kazi iliyohusisha muundo wa vitamini C, na Paul Karrer, aliyeuchambua muundo wa vitamini A. Vitamini mbili zinazotawala rafu za vipodozi leo zilipata heshima mwaka mmoja, na waliozichunguza walikwisha kujua wakati ule kwamba ni vitu vya kuharibika haraka mno.

Vitamini C kwa karibu

Umbo halisi la vitamini C ni asidi askobiki. Ikiwa unga mkavu ndani ya chombo kilichofungwa vizuri, hukaa muda mrefu bila shida. Taabu huanza inapoyeyushwa majini, na seramu nyingi zina maji.

Kwanza askobiki inatoa elektroni mbili na kugeuka kuwa asidi dihaidroaskobiki. Hatua hii bado inaweza kurudishwa nyuma, na mwili wenyewe hufanya hivyo ndani ya seli. Ndani ya chupa hakuna wa kuirudisha. Kisha maji yanaishambulia dihaidroaskobiki na kuufungua mduara wake wa atomu, na ukishafunguka haufungiki tena. Hapo vitamini imekwisha. Mabaki yake huendelea kuvunjika vipande vidogo zaidi, na kimojawapo ni erithrulosi, sukari ndogo ambayo hutumika pia kwenye krimu za kuitia ngozi rangi ya kahawia bila jua.

Kwa hiyo ukiona ncha za vidole zimebaki na rangi ya chungwa baada ya kupaka seramu, au mstari wa nywele kwenye paji la uso umepata doa la manjano lisilotoka kwa sabuni, hayo si ajabu. Mabaki ya vitamini iliyokufa yanaipaka ngozi rangi kama zinavyofanya krimu zile. Ndani ya chupa utaona mfuatano huohuo: kutoka maji meupe au manjano hafifu kama majani makavu, kwenda dhahabu, kwenda chungwa, hadi kahawia. Manjano hafifu ni ya kawaida, hasa kwa seramu zenye asidi feruliki, ambayo tutaifikia hapa chini. Chungwa iliyokolea maana yake vitamini imepungua sana. Kahawia, tupa.

Ni nini kinachoharakisha safari hiyo? Oksijeni ni ya kwanza. Joto na mwanga vinaongeza kasi. Madini nayo, hasa shaba na chuma: hata yakiwa kidogo mno kwenye maji au kwenye malighafi, yanachochea uoksidishaji, yaani huko kupokonywa elektroni, bila yenyewe kuisha, kwa hiyo chembe moja hufanya uharibifu uleule tena na tena. Ndiyo sababu viwanda hutumia maji yaliyosafishwa kabisa na kutia kiasi kidogo cha EDTA, kemikali inayoyakamata madini hayo na kuyafungia. Jina hilo likionekana kwenye orodha ya viambato, watu wengi huliogopa. Kwa vitamini C ni mlinzi.

Kisha kuna pH, kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi. Hapa mambo yanabana, kwa sababu pH inaamua mambo mawili kwa wakati mmoja. Askobiki ikiwa kwenye mchanganyiko wenye pH ya juu ya takriban 4.2, sehemu kubwa ya molekuli zake hubeba chaji ya umeme. Molekuli yenye chaji haipiti kwa urahisi kwenye tabaka la juu la ngozi, ambalo ni la mafuta, tena huoksidishwa upesi zaidi. Mwaka 2001 kundi la watafiti wa Marekani likiongozwa na Sheldon Pinnell wa Chuo Kikuu cha Duke lilipima jambo hili kwenye ngozi ya nguruwe. Waligundua kwamba askobiki huingia vizuri pH ikiwa chini ya 3.5, kwamba kuzidisha kiwango kupita asilimia 20 hakuongezi kinachoingia, na kwamba ikishaingia hubaki kwa muda mzuri: huchukua siku nne hivi kupungua hadi nusu.

Matokeo hayo yana mengi ya kutufundisha. Seramu inayojitangaza kuwa na asilimia 30 haikupi zaidi ya ile ya 20, inakupa mwasho zaidi. Seramu ya askobiki isiyochoma hata kidogo, yenye pH inayokaribia ile ya ngozi yenyewe ambayo ni 5 hivi, huenda haiingii. Na kwa kuwa iliyoingia haiondoki upesi, anayepaka mara moja kwa siku hana sababu ya kuhangaika kupaka mara tatu.

Mwaka 2005 watafiti wa Duke walichapisha jambo jingine lililobadilisha rafu za maduka. Walichukua asilimia 15 ya askobiki na asilimia 1 ya vitamini E, mchanganyiko ambao tayari ulijulikana kuikinga ngozi dhidi ya jua kwa kiasi, wakaongeza asilimia 0.5 tu ya asidi feruliki, kemikali inayopatikana kwenye kuta za seli za mimea. Vitamini zote mbili zikawa imara zaidi, na kinga iliyopimwa ikaongezeka maradufu, kutoka mara nne hadi karibu mara nane. Feruliki hufanya kazi ya askari wa mlangoni: inapigwa kwanza, na iliyo ndani inasalimika kwa muda. Muda tu, kwa sababu nayo huisha.

Kuifunga mdomo vitamini

Njia nyingine ni kuibadilisha molekuli yenyewe. Sehemu ya askobiki inayotoa elektroni iko mahali mahususi, na wakemia wamejifunza kuizibia kwa kubandika kitu juu yake. Wakibandika fosfeti wanapata magnesiamu askobili fosfeti au sodiamu askobili fosfeti. Wakibandika sukari wanapata askobili glukosaidi. Maumbo haya hayajali hewa kama askobiki, hayahitaji asidi kali, na yale ya fosfeti yanatulia zaidi pH inapokaribia 7, kwa hiyo yanaifaa hata ngozi nyepesi kuwashwa.

Bei ya utulivu huo inalipwa baadaye. Vitamini iliyozibwa mdomo haifanyi kazi hadi vimeng'enya vya ngozi vikibandue kile kilichobandikwa, na kabla ya hapo lazima molekuli nzima iingie. Katika jaribio lilelile la 2001, magnesiamu askobili fosfeti haikuongeza vitamini C ndani ya ngozi kwa kiwango kilichoonekana. Hilo halina maana kwamba derivativu, yaani maumbo haya yaliyobadilishwa, zote ni bure, kwa maana fomula na vitu vinavyosaidia upenyaji hutofautiana. Lina maana kwamba "imara" na "yenye kazi" ni maswali mawili, na matangazo mengi hujibu la kwanza ili usiulize la pili.

Wala si kila derivativu imezibwa mahali panapotakiwa. Askobili palmiteti imeongezewa mkia wa mafuta ili iyeyuke kwenye krimu, lakini mkia umewekwa upande mwingine wa molekuli, na ile sehemu inayoliwa na oksijeni imebaki wazi. Watu huinunua wakidhani ni imara kama ndugu zake wa fosfeti. Siyo.

Ukiniuliza mimi, asidi askobiki iliyofungashwa vizuri na kutumiwa ndani ya miezi michache bado ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi. Derivativu nazipendekeza kwa mtu ambaye ngozi yake haivumilii asidi, au anayejua kwamba chupa moja itakaa naye mwaka mzima.

Retinoli hufifia bila kusema

Vitamini C angalau hukuonyesha kwa rangi kwamba imeisha. Retinoli, umbo la vitamini A linalotumika sana kwenye vipodozi, mara nyingi haionyeshi. Yenyewe ni ya manjano, kiasi chake ni kidogo, na krimu nzito inaficha kila kitu. Unaweza kupaka krimu tupu kwa miezi bila kupata dalili.

Udhaifu wake uko kwenye muundo. Molekuli ya retinoli ina vifungo maradufu vitano vinavyopokezana na vifungo vya kawaida, na mpangilio huo unaifanya inyonye mwanga, zaidi ule wa karibu na nanomita 325. Hiyo ni miale ya urujuanimno, tena ya aina inayopita kwenye kioo cha dirisha. Nishati hiyo ikiingia, mnyororo unaweza kujipinda na kuwa na umbo jingine, au kukatika. Oksijeni nayo inaingilia vifungo vilevile. Asidi kali inaing'oa molekuli ya maji na kubaki na kitu kisicho na kazi ileile. Retinoli inaogopa takriban kila kitu kilichomo chumbani.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ljubljana nchini Slovenia walichapisha matokeo ya kupima retinoidi, yaani retinoli na jamaa zake, kwenye vipodozi vilivyokuwa vikiuzwa. Baada ya miezi 6 kwenye nyuzijoto 25, upungufu ulikuwa kati ya sifuri na asilimia 80. Kwenye nyuzijoto 40 ulikuwa kati ya asilimia 40 na 100. Mimi huwa naitazama ile "sifuri" kuliko ile "80". Inathibitisha kwamba inawezekana kutengeneza bidhaa ya retinoidi isiyopoteza kitu kwa nusu mwaka. Aliyepoteza asilimia 80 alishindwa, au hakujisumbua.

Wanaofaulu hufanya nini? Wengi hupunguza maji au kuyaondoa kabisa na kutumia mafuta au silikoni. Hutia vizuia-uoksidishaji kama BHT na vitamini E viliwe kwanza. Hujaza vyombo huku wakifukuza hewa kwa gesi ya naitrojeni. Wengine huifungia retinoli ndani ya vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, vya mafuta au vya sukari zenye umbo la pete zinazoitwa saiklodekstrini, ili ikutane na hewa ikiwa imeshafika kwenye ngozi.

Kuna pia umbo lililozibwa, retinili palmiteti, ambalo hukaa chupani vizuri zaidi kuliko retinoli. Lakini fuata njia yake: ngozi inapaswa kuibadilisha kwanza iwe retinoli, kisha retinali, kisha asidi retinoiki, ambayo ndiyo inayozungumza na seli. Kila hatua hupoteza kiasi. Kwa hiyo krimu ya retinili palmiteti ya asilimia ileile ni dhaifu zaidi usoni, na hakuna ujanja wa chombo utakaobadilisha hilo.

Umoja wa Ulaya mwaka 2024 uliweka kikomo cha retinoli na esta zake (maumbo yaliyozibwa kama retinili palmiteti), vikihesabiwa kama retinoli: asilimia 0.3 kwa bidhaa za uso na asilimia 0.05 kwa losheni za mwili. Lengo lilikuwa kuzuia watu wasizidishe vitamini A mwilini, lakini kuna athari nyingine ambayo wengi hawajaizungumzia. Zamani kiwanda kilichojua kwamba retinoli yake itapungua kiliweza kutia nyingi mno mwanzoni ili ibakie ya kutosha. Sasa dari lipo, na njia iliyobaki ni kuifanya itulie kweli. Nalipenda shinikizo hilo.

Zile zisizo na makuu

Vitamini E huuzwa kwa sura mbili. Tokoferoli ni ile iliyo huru, mafuta mazito ya manjano yanayokolea rangi yakikaa kwenye hewa, na mara nyingi imo kwenye krimu kuyalinda mafuta mengine yasichache kuliko kukulinda wewe. Tokoferili aseteti imezibwa, ni imara sana, na ngozi huibandua polepole na kwa kiasi kidogo. Jambo zuri la vitamini E ni urafiki wake na C: E ikishatoa elektroni, C inaweza kuirudishia, ndiyo maana hukutwa pamoja.

Niasinamaidi, ambayo ni umbo la vitamini B3, ndiyo mpole wa familia nzima. Hewa haiigusi kwa maana, mwanga wala joto la kawaida haviitishi, na haifanyi kazi kwa kugawa elektroni, hivyo haina sababu ya kujichosha chupani. Inachotaka ni pH ya kati, kuanzia 5 hadi 7 hivi. Kwenye asidi kali au alkali kali, tena ikisaidiwa na joto, inaweza kugeuka polepole kuwa asidi nikotiniki, ambayo hupanua mishipa midogo na kuufanya uso uwe mwekundu na wa moto.

Kutokana na hilo ikazuka hofu kwamba niasinamaidi na vitamini C zisipakwe pamoja. Hofu hiyo imetoka kwenye majaribio ya zamani yaliyotumia joto kali na muda mrefu, hali ambazo hazipo usoni pako. Ukipaka moja baada ya nyingine, zitakuwa zimeingia au zimekauka kabla ya badiliko lolote la kuhesabika kutokea. Zipake tu.

Panthenoli, ya kundi B5, inatulia kwenye pH karibu na 6 na haitaki joto kali wakati wa kutengenezwa. Mengine hayana kisa.

Chombo

Hapa ndipo mnunuzi anaweza kuona kwa macho yake, bila maabara, kama mtengenezaji anaijali vitamini aliyoitia.

Angalia dropa inavyofanya kazi. Unabonyeza mpira, hewa inatoka. Unauachia, seramu inapanda. Unatoa dropa nje, na nafasi ya seramu uliyochukua inajazwa na hewa mpya ya chumbani. Kadiri chupa inavyopungua ndivyo hewa inavyokuwa nyingi na seramu chache, kwa hiyo nusu ya mwisho huharibika haraka kuliko ya kwanza. Dropa inapendeza na inapima vizuri, lakini kwa askobiki ni chombo kinachofaa tu ikiwa chupa ni ndogo na inaisha upesi.

Kopo la mdomo mpana ni baya zaidi: kila ukilifungua uso wote wa krimu unakutana na hewa na mwanga, na kidole kinaongeza vijidudu. Retinoli kwenye kopo siinunui, haidhuru jina lililoandikwa juu.

Tyubu zina tofauti ambayo watu wengi hawaijui. Tyubu ya alumini ukiiminya inabaki imeminyika, hivyo hainyonyi hewa. Tyubu ya plastiki laini ukiiachia inarudi kwenye umbo lake na kuvuta hewa ndani kwa mdomo uleule. Isitoshe, plastiki za kawaida kama polietilini na polipropilini hupitisha oksijeni kidogo kidogo kwenye kuta zake, wakati alumini na kioo havipitishi. Ndiyo maana krimu nyingi za retinoidi zinazotolewa kama dawa hukaa kwenye tyubu ya chuma chepesi isiyo na mvuto wowote.

Pampu isiyoingiza hewa ni bora kuliko zote kwa matumizi ya kila siku. Ndani yake kuna sahani inayopanda juu kila unapobonyeza, ikichukua nafasi ya kilichotoka, hivyo hewa haina pa kuingilia. Tahadhari moja: siyo kila pampu iko hivyo. Ile yenye mrija mrefu unaofika chini ya chupa huvuta hewa kama kawaida.

Kioo cha kahawia huzuia miale ya urujuanimno pamoja na sehemu ya mwanga wa buluu. Kioo cheupe hakizuii cha kutosha, na sanduku la karatasi lililoizunguka chupa si pambo tu. Usilitupe siku ya kwanza.

Tarehe zinasema nini

Kuna alama ya kikopo kilichofunguka yenye "6M" au "12M": miezi ambayo bidhaa inapaswa kutumiwa baada ya kufunguliwa. Katika Umoja wa Ulaya alama hiyo huwekwa kwenye bidhaa zinazodumu zaidi ya miezi 30, na zinazodumu miezi 30 au chini huwekewa tarehe ya mwisho. Marekani haina sheria inayolazimisha kipodozi kuwa na tarehe ya kwisha muda. Dawa ni habari nyingine: mtengenezaji wa dawa ni lazima aonyeshe kwamba kiungo kinachotibu kimebaki ndani ya mipaka iliyowekwa hadi tarehe iliyoandikwa.

Kipodozi kinaweza kuwa salama kabisa, hakijaoza, hakijajitenga, kina harufu nzuri, na vitamini yake imekwisha. Tarehe zile zinajali zaidi usalama na hali ya bidhaa kwa ujumla. Ningependa kuona viwanda vikiandika kiwango kinachohakikishwa siku ya mwisho badala ya kile cha siku ya kwanza. Vipimo vipo, mashine ya kromatografia, inayotenganisha na kupima viambato, inavitoa, na kampuni makini tayari zina namba hizo kwenye mafaili yao, kwa sababu huweka bidhaa kwenye nyuzijoto 40 kwa miezi kadhaa ili kukisia zitakavyokuwa baada ya muda mrefu kwenye joto la kawaida. Msingi wa makisio hayo ni kanuni ya jumla kwamba joto likipanda nyuzi 10, kasi ya mabadiliko ya kikemia huongezeka mara mbili au zaidi. Mwulize muuzaji au mtengenezaji moja kwa moja: baada ya miezi sita ya kufunguliwa inabaki asilimia ngapi? Anayejua atakujibu.

Kanuni hiyohiyo ya joto inakuhusu nyumbani. Gari lililofungwa juani hupita nyuzijoto 40 kwa urahisi, na mkoba ulioachwa humo alasiri chache tu umeizeesha seramu. Chumba cha kuogea kina joto na mvuke. Kabati lenye giza linatosha kwa bidhaa nyingi, na friji ni nzuri kwa askobiki. Krimu usizigandishe, kwa sababu barafu huvunja mchanganyiko wa maji na mafuta na hautarudi ulivyokuwa.

Orodha ya viambato nayo husaidia ukijua kuisoma. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, hadi kwenye asilimia 1, na chini ya hapo mtengenezaji anaweza kuvipanga apendavyo. Kihifadhi kinachoitwa fenoksiethanoli kina kikomo cha asilimia 1 katika Ulaya. Ukiona vitamini iliyotangazwa kwa maandishi makubwa imeandikwa baada yake, ujue haizidi asilimia 1. Kwa retinoli hilo ni sawa, maana hata asilimia 0.3 ni nyingi. Kwa askobiki ni pambo la lebo. Nayo bidhaa inayodai kuwa na retinoli halisi na askobiki halisi kwenye maji mamoja, itilie shaka: moja inataka pH ya chini ya 3.5, nyingine huharibika humohumo.

Mwisho ni vitu unavyovipanga usoni. Benzoili peroksaidi, dawa ya chunusi, ni mwoksidishaji mwenye nguvu na hufanya kazi kwa njia hiyo. Jaribio lililochapishwa mwaka 1998 liliichanganya na tretinoini, ambayo ndiyo asidi retinoiki ya dawa, mbele ya mwanga: zaidi ya nusu ya tretinoini ilikuwa imeharibika ndani ya saa mbili hivi, na baada ya saa 24 asilimia 95. Adapalini, ndugu yake aliyetengenezwa maabara, ilibaki salama. Mwenye dawa zote mbili atumie benzoili asubuhi na tretinoini usiku, au amwombe daktari adapalini. Vitamini C nayo iwekwe mbali na benzoili, na pia mbali na seramu za peptidi zenye shaba, kwa sababu ya ile tabia ya shaba tuliyoiona. Retinoli iwe ya usiku, taa zikikaribia kuzimwa. Vitamini C iwe ya asubuhi, chini ya kinga ya jua, na tarehe uliyofungua chupa iandikwe chini ya kitako chake kwa kalamu isiyofutika.